Namna ya Kuanza Kutafuta Asili ya Ukoo Wako: Mwongozo kwa Familia za Dodoma

Watu wengi wanaotaka kujua wazee wao walitoka wapi huanza kwa kuuliza kabila, na hapo ndipo safari inapokwama mapema. Kusema "sisi ni Wagogo" hakukufikishi mbali, kwa kuwa koo nyingi za Ugogo zenyewe husimulia kwamba wazee wao waliingia kutoka Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi na kwingineko, wakaoleana na waliowakuta. Katika kazi hii ya kukusanya historia za familia, ninachofuata ni ukoo na mahali. Kabila hujitokeza lenyewe baadaye.

Hatua ya kwanza ni kukaa na wazee walio hai, ukianza na aliye mkubwa kuliko wote, bila kujali kama ni wa upande wa baba au wa mama. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, lakini andika pia kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtu anayetajwa. Uliza jina la ukoo na mwiko wake, yaani kile ambacho watu wa ukoo huo hawali au hawagusi. Majina ya watu hubadilika kwa ubatizo na kwa shule, ilhali mwiko hurithiwa. Familia mbili, moja Bahi na nyingine Mpwapwa, zikiwa na jina moja la ukoo na mwiko mmoja, zina sababu nzuri ya kuketi pamoja. Kumbuka kwamba Wagogo huhesabu ukoo kwa baba na Wakaguru kwa mama, hivyo panapokuwa na ndoa za mchanganyiko uliza pande zote mbili.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni la mahari. Muulize bibi au shangazi: ng'ombe wa mahari yake walitoka kwa nani, na waligawiwa kwa nani? Mzee anayesema amesahau majina ya babu zake ataweza kukutajia mjomba aliyepewa dume na binamu aliyenung'unika kwa kukosa, na kabla hujamaliza kunywa chai utakuwa na orodha ya jamaa wa pande zote pamoja na vijiji vyao.

Hatua ya pili ni kugeuza kumbukumbu kuwa miaka. Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani; muulize alikuwa akifanya nini wakati wa tukio linalojulikana. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Njaa ya Mtunya iliikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920 hivi, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua mifugo, nafaka na wapagazi. Mradi wa karanga wa Kongwa ulidumu kuanzia 1947 hadi 1951. Bibi akisema kwamba wakati wa karanga alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, mkadirie umri wa miaka sita hadi minane, nawe utapata kwamba alizaliwa kati ya 1939 na 1945. Andika makadirio hayo kama makadirio.

Hatua ya tatu ni karatasi. Anza na sanduku la nyumbani: risiti za kodi, kipande, yaani kadi ya kazi, cha babu aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba (kibarua wa mkataba), vyeti vya ndoa. Kisha nenda parokiani ukaombe kuonyeshwa vitabu vya ubatizo, ambavyo kwa kawaida hutaja wazazi na mahali. Soma kwa masikio, kwa maana waandishi waliandika walivyosikia, na jina lile lile huweza kuanza kwa Chi, Ci au Ki. Vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza vilivyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, vinafaa zaidi kwa waliotokana na watemi, yaani watawala wa jadi. Mtu wa kawaida hutajwa kwa nadra. Kuhusu vipimo vya vinasaba, hivyo hukulinganisha na sampuli zilizokwisha kukusanywa na kukupa eneo pana. Havitakutajia ukoo, na kwa mtu anayeanza ningeshauri fedha hiyo iwe nauli ya kuwafikia wazee.

Hatua ya nne ni kwenda kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Kwa sababu ya operesheni za vijiji za miaka ya 1970, kijiji unachokiita chenu huenda familia ilihamishiwa tu, na makaburi yako kwingine. Uliza jina la mahali pa zamani, nenda na mzee anayepajua, na muone kwanza mtendaji wa kijiji. Tangu bei ya ardhi ipande Dodoma, mgeni anayesema "babu yangu aliishi hapa" hudhaniwa amekuja kudai shamba. Kwa hiyo mweleze anayelima hapo shida yako kabla hujafungua daftari, na usipige picha ya kaburi lolote mpaka akuruhusu.