Jinsi ya kusoma maisha ya behewa la zamani ukiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi

Watu wengi wakifika pale wanakimbilia yale mainjini makubwa ya moshi, wanapiga picha mbili tatu, haooo wameondoka. Mabehewa yanabaki peke yake na umbea wote uko humo.

Anzia chini, sio kwenye rangi. Beba futi ya fundi, pima toka ubavu wa ndani wa reli moja hadi wa mwenzake, utapata mita moja, yaani milimita 1,000. Ya SGR, ile reli mpya, ni 1,435, kwa hiyo haya mazee hata uyapake mafuta vipi hayawezi kuhamia kule.

Sasa tafuta herufi za mwenye behewa. UR ni Uganda Railway, ile iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. KUR (Kenya and Uganda Railway) ikafuata, halafu EAR&H (East African Railways and Harbours) toka 1948 walipounganishwa na reli ya Tanganyika, EAR (East African Railways) toka 1969, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 Kenya ikabaki na KR (Kenya Railways) yake. Shida ni kwamba kila bosi mpya alipaka juu ya mwenzake, so inama penye rangi imebambuka, pale kwenye bawaba au kona ya dirisha, utaona tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Usikwangue na kucha tafadhali, tuachie na wengine.

Kuingia ndani muulize mlinzi kwanza. Ukiruhusiwa, angalia kizingiti kabla hujaangalia viti: ubao ukiwa umeliwa na viatu hadi umebonyea katikati, ujue hapo watu wamepanda na mizigo yao miaka na miaka. Kasinki ka kunawia ndani ya chumba ni dalili ya behewa la kulala, hilo lilikuwa la wenye nazo. Ukikuta matundu ya skrubu na kiti hakuna, basi lilibadilishiwa kazi uzeeni, mengine yakichoka walipewa mafundi wa njia ya reli wayafanye nyumba.

La mwisho liwe lile la Ryall, ofisa wa polisi aliyekuja stesheni ya Kima 1900 kumvizia simba mla watu, akalala humo na wenzake wawili, usingizi ukamchukua na simba naye akamchukua, akatoka naye dirishani. Simama hapo dirishani ulipime na mabega yako.