Jinsi ya kumjua bundi usiku kwa sauti tu

Kwanza zima taa na ukae kimya, jioni giza likianza kuingia ndo wanaita sana. Usitegemee kila bundi aseme huu huu, yule mweupe wa kwenye mapaa (Tyto alba) hasemi huu kabisa, anapiga ukelele mkali wa kukwaruza, na makinda yake yakiwa na njaa yanatoa sauti kama mtu anakoroma darini, alafu watu wanakimbilia kuita mganga bure!

Bundi wa msituni (Strix woodfordii) ndo mtamu kumsikiliza, yupo hata Karura pale Nairobi. Anatoa mfululizo wa haraka wenye mdundo, hu-hu, hu-hu-hu, hu-hu, sa sikiliza vizuri maana mara nyingi ni wawili wanajibizana, dume ana sauti nzito na jike nyembamba ya juu. Yule bundi mdogo wa kwenye miti ya savana (Otus senegalensis) anatoa kamlio kamoja kafupi, prrup, ananyamaza sekunde kadhaa anarudia tena, anaweza kwenda hivo muda mrefu mpaka ukachoka wewe.

Rekodi kwa simu, ila usimpigie hiyo sauti uliyorekodi mara kwa mara, anadhani mwenzake kavamia eneo lake na anaacha kuwinda.