Mtaro Umeziba, Taa Imezimika: Jinsi ya Kulifikisha Jambo la Mtaa Mahali Litakapojibiwa

Majirani, hamjambo. Mimi ni katibu wa kamati ya majirani huku Kayole, Nairobi, na somo hili limezaliwa na mtaro mmoja. Mtaro unaopita mbele ya ploti zetu uliziba, na masika yalipofika maji yakaingia vyumba vya chini hadi magodoro yakaloa. Tulilalamika misimu miwili mizima: kwa mzee wa mtaa, kwa mheshimiwa kila alipopita, kwa yeyote aliyeonekana na koti la ofisi. Siku nilipoenda mwenyewe kuuliza jambo letu limefika wapi, karani alifungua faili, akafungua na nyingine, kisha akaniambia, "Mama, hapa hakuna barua kutoka kwenu." Alisema kweli. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba mambo mengi ya mitaa ya Nairobi hufa kabla ya kufika mbele ya mtu mwenye uwezo hata wa kuyakataa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Hatua ya 1: Jua jambo ni la nani

Juu ya mtaa mmoja tuna serikali mbili. Ya kitaifa inashuka kutoka kwa kamishna wa kaunti hadi kwa chifu na naibu wake, na Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani wa kulinda usalama, pamoja na wazee wa mtaa wanafanya kazi upande huo. Ya kaunti inatoka City Hall, makao makuu ya kaunti, inapita kwa msimamizi wa kaunti ndogo hadi kwa msimamizi wa wadi. Mwakilishi wadi naye anakaa katika bunge la kaunti kwa niaba yenu. Wadi za Nairobi ni 85.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maji ya mvua, taka, zahanati, chekechea, masoko na kelele zinazokera umma ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Ukimpelekea chifu mtaro atakusikiliza kwa heshima, lakini hana bajeti ya mitaro. Mpelekee ugomvi wa majirani, usalama, mtoto asiyeenda shule au kichochoro kinachouza pombe haramu.

Wakati mwingine jambo moja lina wenyewe wawili. Mtaro wetu ulibeba maji ya mvua na pia maji taka yaliyovuja kutoka bomba lililopasuka. Maji ya mvua ni ya kaunti, bomba la maji taka ni la kampuni ya maji ya jiji. Tuliandika barua mbili.

Hapa niongeze jambo ambalo ningependa lijulikane katika kila ploti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 53, inataja baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji akiwa mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano, wanaopatikana kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti, kwa kuzingatia usawa wa kijinsia. Kazi yake ni kuratibu ushiriki wa wakazi katika uongozi. Mzee huyo wa sheria si yule mzee wa mtaa anayemsaidia naibu chifu, ingawa watu huwachanganya. Mahali ambapo baraza hilo halipo, majirani wanaweza kukutana na kuandika. Hakuna sheria inayowazuia.

Hatua ya 2: Kikao cha majirani

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, na ndiyo watu wanayoiruka.

Zamani vikao vyetu vilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Waliokuja ni wenye ploti na wazee waliostaafu. Mama mboga alikuwa sokoni, vijana walikuwa kwenye mjengo, na wapangaji wa vyumba vya chini, wale wale walioamka na maji miguuni, walikuwa kazini. Tukahamisha kikao hadi Jumapili saa tisa alasiri, watu wakajaa hadi tukaazima viti vya kanisa.

Tangazo liwekwe siku saba kabla, mahali watu wanaposimama: langoni, dukani, kwa kinyozi, kwenye bomba la maji. Liseme wazi kitakachozungumzwa. Ajenda moja inatosha. Mkileta mtaro, taa, taka na wizi siku moja, mtaondoka na hasira nne na uamuzi sufuri.

Mwenyekiti aulize nani ameona nini, wapi na lini. Swali la nani wa kulaumiwa lisubiri. Kikao chetu cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya swali hilo. Mwenye ploti mmoja alikuwa ameelekeza bomba la bafu mtaroni, na alipotajwa mbele ya watu alisimama akaondoka na nusu ya wapangaji wake. Baadaye tuliwatuma majirani wawili anaowaheshimu, mama mmoja na mzee mmoja, wakanywa chai kwake. Alirekebisha bomba kwa pesa zake kabla ya mwezi kwisha, na leo ndiye anayetuazimia turubai ya vikao. Nilijifunza kutenga kwanza lile ambalo ni letu wenyewe. Ofisini huwezi kusema mtaro umeachwa huku maganda ya ploti yako yakielea ndani yake.

Wapangaji na kina mama wapewe nafasi mapema. Wakisubiri hadi mwisho, giza linaingia na wanakimbilia jikoni.

Hatua ya 3: Kumbukumbu

Tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, jambo lililojadiliwa, uamuzi, nani atafanya nini na lini. Zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha mwenyekiti na katibu watie sahihi. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 4: Barua na muhuri

Barua iwe fupi, jambo moja, ofisi moja. Yetu ilisema hivi:

"Sisi wakazi wa mtaa uliotajwa hapo juu tulikutana tarehe iliyo kwenye kumbukumbu tulizoambatisha. Mtaro wa maji ya mvua ulio kando ya barabara yetu umeziba kwa urefu wa takriban hatua 60, kuanzia kona ya soko hadi karibu na kanisa. Maji yameingia nyumba 14. Tunaomba ofisi yako, kwanza, izibue sehemu hiyo. Pili, itujulishe kwa maandishi tarehe ya kazi. Picha zimeambatishwa."

Urefu tuliupima kwa miguu. Nyumba tulizihesabu mlango kwa mlango. Ukiandika "wananchi wengi wameteseka sana" msomaji atakuhurumia, lakini ukiandika nyumba 14 anaweza kukupangia kazi.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Usiondoke bila muhuri. Hata wakikuambia aliye na muhuri ameenda kula, msubiri. Kupokelewa barua hakuna malipo.

Wakinyamaza, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, ina saa 48. Ombi halilipiwi ada. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya kutoa nakala. Uliza swali lenye jibu: wadi yetu ilitengewa shilingi ngapi za mitaro mwaka huu wa fedha, na mwanakandarasi ni nani? Wakikataa au wakikaa kimya, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kwetu, swali hilo moja lilifanya kazi kuliko barua tatu za kuomba.

Hatua ya 5: Fuata kalenda ya pesa

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sasa fikiria sisi tunapopiga kelele: ni Aprili na Mei, maji yakiwa magotini, wakati makadirio tayari yamepangwa. Jambo la mtaro lipelekwe Julai na Agosti, vumbi likitimka na hakuna anayeukumbuka. Vikao vya kushirikisha umma vikitangazwa, tumeni watu watatu, wote waseme jambo lile lile, na waache maandishi mezani.

Mtaro wetu ulichimbuliwa Januari iliyofuata. Sehemu ya juu, karibu na soko, bado haijaguswa, na barua yake ina muhuri.

Hatua ya 6: Ombi rasmi kwa bunge la kaunti

Ni haki yako chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Ombi liseme tatizo, ofisi mlizoziendea na majibu mliyopata, kama jambo liko mahakamani au la, na mnachoomba. Waombaji watie majina, namba za vitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Lugha iwe ya heshima. Zile nakala zenye muhuri ndizo ushahidi kwamba mlianzia chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Zimmerman: Katibu, mimi ni mpangaji tu, nahama kila mwaka. Mwenye nyumba anasema mambo ya mtaa ni ya wenye ploti. Nina haki ya kuzungumza?

Jibu: Unayo, ndugu yangu. Katiba inazungumza juu ya wananchi, haikuuliza nani ana hati ya ardhi. Ukitaka hoja ya kumtuliza, mwambie majina ya wapangaji 20 chini ya barua ni mazito kuliko lake peke yake, na mtaro ukizibuliwa nyumba yake ndiyo inayopona.

Mwanachama, Umoja: Dada, kuna baa karibu nasi yenye spika mlangoni hadi alfajiri. Na kanisa la turubai nalo, kesha kila Ijumaa. Tuanzie wapi?

Jibu: Anza na mazungumzo, hasa kwa kanisa, maana waumini wake ni majirani zenu. Watumeni watu wawili mchana, wala si usiku mkiwa na hasira. Yakishindikana, kelele ni kazi ya kaunti, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina kanuni za kelele za 2009. Wekeni daftari la siku 14: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma. Liambatisheni kwenye barua. Muwapime kwa kipimo kimoja, baa na kanisa, la sivyo mtaonekana mna chuki na mmoja.

Mwanachama aliye Uingereza: Habari za nyumbani, mama. Huku kijijini ninakoishi kuna baraza la parokia, na si la kanisa. Mabaraza haya yalianzishwa kwa sheria ya 1894. Ajenda inabandikwa siku tatu kamili kabla ya kikao, mtu yeyote anaingia kusikiliza, na baraza lina fungu lake linalokusanywa pamoja na kodi ambayo kila nyumba huilipa serikali ya mtaa. Wanajadili viti vya bustani, makaburi, taa za njia. Kwa nini sisi hatuwezi?

Jibu: Asante kwa kutukumbuka. Tofauti kubwa ni hilo fungu. Baraza la kijiji katika sheria yetu linaratibu na kushauri, halitozi kodi, kwa hiyo pesa lazima ziombwe kupitia bajeti ya kaunti. Lakini ajenda ubaoni, mlango wazi na kumbukumbu zinazosomeka havihitaji kodi. Hayo tumeshayaanza hapa kwa gundi na karatasi.

Mwanachama, Dandora: Jirani ananidai na mimi namdai mwingine, kila siku tuko kwa chifu. Chifu anaweza kunilazimisha kulipa?

Jibu: Anaweza kuwapatanisha mkikubali, na mkikubaliana mwandike. Hukumu ni ya mahakama. Iko Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Mwanachama (ameomba mtaa wake usitajwe): Mtoto wa miaka tisa katika ploti yetu amedhulumiwa na mtu mzima anayejulikana. Wazee wameita kikao Jumamosi, wanataka familia ilipwe yaishe. Mama yake anaogopa kufukuzwa. Tufanye nini?

Jibu: Dada, msiende kwenye kikao hicho. Unajisi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Hakuna mzee, chifu wala kamati, hata hii yangu, yenye mamlaka ya kuumaliza kwa pesa. Mpelekeni mtoto hospitali leo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Hata kama saa hizo zimepita, nendeni. Asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa msizifue; zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha polisi, mwombe namba ya kumbukumbu na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Piga 116, ni simu ya watoto, au 1195 ya dhuluma za kijinsia. Zote ni za bure. Mama huyo asiende peke yake. Niandikie faraghani sasa hivi. Tutapata mama mmoja wa kamati wa kumsindikiza, na mahali pa kulala usiku wa leo ikibidi.