SOMO: Namna ya kumpata fundi wa kukujengea bwawa la kuogelea nyumbani

Wakuu, naona watu wanachagua fundi kwa picha za kwenye simu, maji ya bluu, taa zinawaka usiku, basi mtu anatoa advansi. Bwawa likiwa jipya lazima lipendeze, ubovu wake uko chini ya vigae, kwa hiyo twende taratibu.

1. Akupeleke kwenye bwawa alilojenga miaka kadhaa nyuma, sio la mwezi jana. Ongea na mwenye nyumba fundi akiwa mbali, muulize anaongeza maji mara ngapi. Atakwambia ni jua, sawa, jua linakula maji kweli, ila kuna kipimo: jaza ndoo, iweke kwenye ngazi ya bwawa, weka alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine nje usawa wa bwawa, zima pampu, kesho yake angalia. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja.

2. Aje saiti kabla ya kutaja bei. Anayejua kazi atachimba shimo aone maji ya ardhini yako umbali gani. Hapa msipapite haraka, maana maji ya chini yakiwa karibu, siku ukimwaga bwawa ulisafishe linaweza kunyanyuka zimazima na zege lake, ule uzito uliokuwa unalikandamiza haupo tena. Muulize atazuiaje. Akikutajia valvu ya kutoa presha chini na tabaka la kokoto la kupitisha maji, endelea naye. Akicheka, cheka naye mpaka getini.

3. Mchanganuo uwe wa maandishi: nondo, unene wa zege, pampu, filta. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, linabeba karibu lita 45,000. Ukitaka yote yapite kwenye filta ndani ya masaa 8, pampu isukume kama lita 5,600 kwa saa. Asiyeweza kukupigia hesabu hiyo anabahatisha.

4. Lipa kwa hatua. Mabomba yapimwe presha kabla ya kufukiwa, na bwawa lijazwe maji likae siku kadhaa kabla ya vigae. Zege huhesabiwa siku 28 mpaka likomae, anayekimbiza vigae wiki ya kwanza mzuie. Hela ya mwisho ibaki kwako mpaka mitambo ifanye kazi vizuri.

MASWALI

Mdau: Shukrani mkuu. Fundi aliyenijengea nyumba anasema bwawa ni tangi tu, analiweza.

Jibu: Zege anaweza kulimudu. Muulize chini ataweka matundu mangapi ya kunyonya maji. Akisema moja, hapana, likizibwa na mwili au nywele za mtoto linamng'ang'ania asitoke. Yawe angalau mawili yaliyoachana, na vifuniko vya usalama. Umeme mpe fundi mwenye leseni.

Mdau: Kuna mmoja bei yake nusu ya wenzake?

Jibu: Weka kotesheni zote pamoja usome mstari kwa mstari, mara nyingi utakuta hajaweka kusomba udongo, uzio, hata pampu.

Mdau: Na yale ya fibaglasi, si yanakwepa haya yote?

Jibu: Vigae utavikwepa. Maji ya ardhini bado yapo, tena fibaglasi ni nyepesi kuliko zege. Halafu pima njia, linakuja zima kwenye lori.