Gari lako likiwa gereji: bima hulipia vipi gari la kukodi

Bima ya mtu wa tatu, inayolipia hasara za wengine tu, haikupi gari la muda. Hata kwenye bima kamili, mara nyingi faida hiyo hununuliwa kwa nyongeza ya ada, kwa hiyo hakikisha imo kwenye mkataba wako. Angalia kiasi cha kila siku, idadi ya siku, na siku za mwanzo unazojilipia mwenyewe.

Tuseme unalipiwa shilingi 3,000 kwa siku. Ukikodi gari la 5,000, unaongeza 2,000 kila siku, na mafuta ni yako.

Wengi huumia kwenye spea. Gereji ya Industrial Area, Nairobi, ikisubiri taa kutoka nje, siku zako zinaisha gari halijaguswa. Kama linaendeshwa salama na mkadiriaji wa bima ameshalikagua, endelea nalo hadi spea zifike. Tafadhali usikodi kabla ya bima kukubali kwa maandishi.

Ripoti ajali polisi, chukua abstrakti (hati ya polisi kuhusu ajali), tunza kila risiti. Kosa likiwa la dereva mwenzako, gharama za kukodi unaweza kumdai. Mahakama ya Madai Madogo nchini Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.