Jinsi ya kutafuta kumbukumbu za babu au baba aliyekuwa askari: kwa familia za Tabora na Kigoma

Kwanza tafuta mwaka alioacha jeshi. JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari yaliyoanzia Colito, Dar es Salaam, na kufika kambi ya Tabora. Kabla ya hapo palikuwa na Tanganyika Rifles, na kabla ya uhuru wa 1961 King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambao wazee waliwaita Keya. Ukimtafuta Keya wa 1943 kwa kuanzia JWTZ, umeanzia mlango usio wake.

Kisha fungua sanduku la mzee. Unachotafuta hasa ni namba yake ya jeshi na kikosi chake. Angalia kipande cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo na nyuma ya picha. Namba inakiliwe pamoja na herufi zake za mbele. Nishani za Uingereza za Vita ya Pili mara nyingi hazina jina ukingoni, kwa hiyo nyota ya Burma inaonyesha alikopigana tu, haimtaji mwenyewe.

Majina ndiyo yanayokwamisha wengi. Karani aliandika alivyosikia: Lutale akawa Rutale, Hamisi akawa Khamis, na jina la baba likafuata baada ya alama "s/o" (yaani "mwana wa"). Jina la ukoo linalotumika leo huenda halimo kabisa. Orodhesha kila tahajia unayoweza kuifikiria, pamoja na jina la mtemi (kwa Buha, mwami) wa wakati ule, maana vijiji vilihama na utemi ulifutwa 1963. Watu wa Kasulu, Kibondo na Kigoma wasisahau kwamba walikuwa Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Jalada lao linaweza kuwa chini ya jina la Tabora.

Ukiwa na hayo, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe majalada ya jimbo na wilaya. Kama alifia vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Andika jina moja tu, uchague kikosi, kisha ujaribu tahajia nyingine. Shajara za vita za vikosi vya Burma ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, Kew, fungu WO 172. Zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, ila majina ya askari wa kawaida ni nadra humo. Wapagazi wa 1914–1918 wengi hawakuandikwa majina popote, na hilo linauma. Kwao ushahidi ni wazee waliobaki wanaokumbuka habari zao, basi warekodi mapema.

Aliyekuwa JWTZ, wa Kagera 1978–79 kwa mfano, anza kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya akuelekeze barua ipelekwe wapi. Beba nakala za cheti cha kifo, barua ya mtendaji wa kata na, kama kuna madai ya mafao, hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Usiache nakala halisi popote.