Kabla ya kujenga kerneli, angalia umri wa kompaila

Kabla hujaandika amri ya make, inayoanzisha ujenzi wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), fungua faili la Documentation/process/changes.rst lililomo kwenye msimbo wa Linux ulioupakua, si la toleo jingine. Humo utakuta toleo la chini kabisa la kila zana, na kiwango hicho hupanda: Linux 5.15 ya mwaka 2021 ilidai GCC 5.1 (GCC ni kompaila, yaani zana inayogeuza msimbo kuwa programu), na 6.16 ya mwaka 2025 ikadai 8.1. Angalia na Binutils, zana zinazounganisha vipande vya programu, maana wengi huisahau.

Kiwango cha juu ndicho hakikuandikwa, na huko ndiko watu wanakoumia. GCC 15 ilianza kutumia C23, kiwango kipya cha lugha ya C, pale usipotaja kiwango cha C, na ndani ya C23 false ni neno la lugha yenyewe. Kerneli za nyuma hulitangaza neno hilo zenyewe, na baadhi ya folda, kama ya msimbo wa kuwashia mashine za x86 (zenye vichakataji vya aina ya Intel na AMD), hazikutaja kiwango chochote. Ujenzi unakwama, kosa linaelekeza kwenye stddef.h, nawe unabaki kujiuliza umeharibu nini kumbe hujagusa kitu.

Kukwama mapema ni nafuu. Mwaka 2020 GCC 10 iliijenga kerneli bila manung'uniko, ila kwenye x86 mashine ikaanguka wakati wa kuwaka. Chanzo kilikuwa start_secondary, kipande cha msimbo wa kerneli ambacho hubadilisha namba ya kulinda staki (kumbukumbu ya muda ya msimbo unaoendeshwa) katikati ya kazi yake na hakikutarajiwa kurudi kamwe kwa aliyekiita. GCC 10 iligeuza wito wa mwisho kuwa mruko, ikakagua ile namba kabla ya kuruka, na bila shaka ikakuta haifanani na ya mwanzo.

Kwa hiyo mimi huchagua kompaila iliyokuwa imeshazoeleka kerneli hiyo ilipotoka. Ya 2019 haina haja na kompaila ya juzi.

Kama unajenga moduli tu, yaani kipande cha kuongeza kwenye kerneli inayoendeshwa, huna la kuchagua: soma /proc/version, tumia kompaila iliyotajwa humo. Ukitaka Clang, kompaila nyingine, weka LLVM=1 kwenye amri ya make tangu hatua ya kutengeneza .config (faili la chaguo za kerneli), kwa sababu Kconfig, mfumo wa chaguo hizo, huipima kompaila ndipo iamue chaguo zipi zionekane. Ukibadili katikati, anza na make clean.

Wala usifute GCC mpya. Isakinishe ya zamani kando yake, kisha uite make CC=gcc-12.